Ngoma Iliyopandwa Maua

Watu wakipita hapa kwangu Kasongo husema, "Mama Odile, ndugu yako Bulaimu alikuwa mutu mupole." Mpole, ndiyo. Sibishi. Lakini upole wake ndio uliotumaliza, na mimi nimechoka kuitikia kwa kichwa kana kwamba nimepewa sifa. Kaeni basi niwaambie yote, halafu muendelee na safari yenu.

Sisi ni watu wa upande wa Kabambare, nyumba ya ngoma. Nasema ngoma ya gogo, ile isiyo na ngozi, iliyochongwa katika mti mmoja, tumbo lake wazi, na juu ina mdomo mrefu mwembamba. Ukipiga kando moja ya mdomo inatoa sauti nene, ukipiga kando ya pili inatoa sauti nyembamba, na kwa sauti hizo mbili tu baba yetu aliweza kusema neno lolote watu wa ng'ambo ya mto Luama wakaelewa. Alitangaza harusi, soko, chui aliyeonekana njiani. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuita wafu. Mutu wa nyumba yetu akifa analazwa kaburini, na kabla udongo haujarudishwa ngoma inaita jina lake, la baba yake, la babu yake, ili waliotangulia wajue ni nani anayekuja. Asiyeitwa tunasema amefukiwa, hatusemi amezikwa. Kilio chake hakiishi. Mjane wake havui kaniki nyeusi, na mjane naye akifa hajaivua, inavuliwa mwilini mwake na kuvishwa binti yake.

Mama yetu, Nuru, aliswali swala zake zote bila kukosa, na hakuona ugomvi wowote kati ya swala na ngoma. Alikuwa akisema Mungu anajua majina ya watu wote, lakini babu zetu hawajui mpaka waambiwe.

Basi ikaja pamba. Bula Matari, ndiyo serikali ya Wabelgiji, aliamuru kila nyumba ilime shamba la pamba, na msimamizi alikuwa anapita na askari kukagua. Ambaye shamba lake lilikuwa na magugu alilazwa chini akachapwa fimbo mbele ya watoto wake. Baba akaanza kupiga ngoma wale watu wakiwa bado mbali, na wanaume wakaingia porini. Haikuchukua muda wakajua ni nani anayesema. Walimkamata baba, na ngoma nayo wakaikamata. Niliona kwa macho yangu: baba mbele na kamba shingoni, ngoma nyuma mabegani mwa wanaume, wanapelekwa Kasongo pamoja kama wafungwa wawili. Baba alirudi kutoka buloko, jela yao, anakohoa damu, akafa mvua za kwanza hazijanyesha. Ngoma haikurudi.

Tukamfukia. Mama akavaa kaniki, akamwita Bulaimu, kwa kuwa ndiye mwanamume na ndiye aliyefundishwa kupiga. Akamwambia, "Mwanangu, nenda ulete ngoma. Ije imuite baba yako, nivue nguo hii. Na siku yangu ikifika, iniite na mimi. Sina kingine ninachokuomba katika dunia." Mimi nilikuwa nimekwisha kubatizwa na kuolewa huku Kasongo na Dominique, mpishi wa Wazungu, kwa hiyo nilimwona Bulaimu akifika, miguu imevimba, jogoo mweupe kwapani.

Lazima muelewe jambo moja hapa, la sivyo mtasema ndugu yangu alikuwa mjinga, na mjinga hakuwa. Kwetu, mkubwa akikushikia kitu, unakiomba mara moja tu. Unapiga magoti, unatoa kuku, unaomba. Akipokea kuku, amekubali. Baada ya hapo unamtumikia na unanyamaza, mpaka siku atakayoona vema kukurudishia. Ukiomba mara ya pili umemwambia mbele ya watu kwamba ni mwizi, na hapo kitu kinakuwa chake kabisa, hata watoto wako hawawezi kukidai. Na mkubwa yule akifa au akihama, anayekalia kiti chake anaachiwa maneno yote ya kiti. Ndivyo walivyoishi wazee wetu na machifu wao, na mambo yalikwenda.

Bulaimu alipiga magoti mbele ya Bwana Mkubwa wa teritware, Mzungu aliyetawala wilaya yote, akatoa jogoo, akaomba ngoma. Bwana Mkubwa alipokea. Dominique mwenyewe ndiye aliyempika jogoo yule, na vitunguu na siagi ya kopo. Halafu Bwana akasema, "Tutaona." Mimi nimekaa karibu na Wazungu kupitia jiko la mume wangu, najua "tutaona" yao. Ni namna ya kumfukuza mutu bila kuinuka kwenye kiti. Bulaimu aliisikia akafurahi. Akaomba kazi palepale, akapewa ya bustani ya boma, akaja kulala kwangu.

Alitumika vizuri, masikini. Alinyoosha njia za changarawe, alipanda miti ya maua kando ya nyumba ambamo Wazungu walikuwa wanakunywa bia zao jioni. Bwana Mkubwa wa kwanza akaenda Ulaya kupumzika, asirudi. Akaja mungine, na Madamu wake.

Nikamwambia Bulaimu, "Yaya," maana ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "huyu ni mungine. Hakukula jogoo yako. Enda umuombe."

"Kiti iko kile kile," akasema. "Niliomba. Nikirudilia nitakuwa nimesema waliiba."

"Na kwani hawakuiba?"

"Ndiyo sababu sisemi."

Mtafanya nini na mutu wa hivyo? Nilichukua sahani nikaenda kuosha.

Yule Madamu mpya alikuwa mtu wa muziki. Alikuwa na piano iliyoingia maji safarini, akaipiga hivyohivyo kila jioni, na Dominique akaja nyumbani akiniigia kwa vidole juu ya meza. Sasa katika mji wake kule Ubelgiji aliishi zamani mtunzi wa muziki, Lambert Dossche, marehemu, ambaye Madamu alijifunza nyimbo zake tangu utoto. Akatia moyoni kwamba Kasongo lazima iwe na ukumbusho wa bwana huyo. Wazungu wakachanga pesa zao, wafungwa wakachanga migongo. Walibeba mawe kutoka mtoni, wakajenga nguzo katikati ya bustani, na siku moja lori likaleta sanduku lililoshuka kwenye treni kule Samba na kuvushwa Lualaba. Ndani kulikuwa na kichwa. Kichwa tu, cha shaba nyeusi, nywele ndefu, macho bila mboni.

Watu walikuja kutazama kutoka mpaka Nyangwe. Waliuliza mwili uko wapi, na bwana huyu alikosa nini. Dominique, kwa kuwa anajua mambo ya Wazungu, akawaeleza kwamba mtunzi wa muziki anawekewa kichwa kwa sababu muziki wake ulitoka kichwani. Mimi nikamuuliza, nikimwita kwa jina la binti yetu, "Baba Émilienne, na wa baba yangu uliotoka mikononi? Mikono yake iko wapi?" Akaniambia ninyamaze, watu wanasikia.

Kichwa kilipokwisha kukaa juu ya nguzo, Madamu akaona chini pako uchi. Akataka kitu cha kuwekea maua. Wakafungua stoo ya boma, ile ya vitu vilivyokamatwa: mikuki, bunduki za baruti, pembe. Ngoma yetu ilikuwa humo. Madamu alipoiona aliipenda kweli, Dominique alikuwepo, aliniambia aliipapasa kama mtu anayepapasa farasi. Akaamuru itolewe, iwekwe chini ya nguzo, tumbo lijazwe udongo, maua yapandwe mdomoni.

Na nani anajaza udongo? Mutu wa bustani.

Dominique alikuja siku hiyo akakataa kula. Nilipomlazimisha kusema, nilifunga kitenge nikaenda mbio mpaka kwenye uzio wa bustani. Bulaimu alikuwa amepiga magoti, anashindilia udongo kwa vidole kwenye mdomo wa ngoma ya baba yake, taratibu, asije akaumiza kingo.

Nikamwita. "Yaya, unafanya nini? Unamuzika mutu mwenye uhai?"

Akaja kwenye uzio, mikono ina matope. Uso wake, mtanisamehe, ulikuwa na furaha. "Odile, iko inje sasa. Mbele ilikuwa ndani ya giza, panya walikuwa wanaiguguna. Sasa naiona kila siku, naishika kila siku. Maua yakiwa mazuri Madamu atafurahi. Akifurahi, atakumbuka."

"Atakumbuka nini? Hajui kitu."

"Wakubwa wanaachiana maneno," akasema, akarudi kwenye udongo wake.

Siku ya kufungua ukumbusho walivaa nguo nyeupe wote. Sisi tulisimama nje ya ua. Bwana Mkubwa alisoma hotuba, na Dominique alinigeuzia kwa Kiswahili polepole: kwamba muziki wa mtu mkubwa haufi, unavuka bahari na mapori, na hata hapa katikati ya Afrika sauti yake itasikika. Mji wote wa watu weusi wakati huo ulikuwa umekatazwa kupiga ngoma bila ruhusa ya boma. Wakaweka gramafoni juu ya meza, wakapiga wimbo wa Lambert. Sitawadanganya, ulikuwa mzuri. Ulipanda, ukashuka, na mahali fulani ukanifanya nimkumbuke baba mpaka nikachukia machozi yangu. Bulaimu alikuwa kando ya nguzo, amepewa kaptula mpya, ameshika dumu la kumwagilia. Hakuangalia kichwa. Aliangalia chini.

Tangu siku hiyo alimwagilia ngoma ile asubuhi na jioni. Kiangazi, visima vya boma vikikauka, alishuka mtoni na ndoo. Mbao za nje alizisugua na mawese mpaka zikang'aa, Wazungu wakapiga picha mbele yake. Maua yalikuwa mazuri, nani aseme hapana, mekundu na ya manjano, yamejaa mdomo mzima. Madamu alikuwa anapita na mwavuli wake anasema, "Mzuri, Bulaimu, mzuri sana." Na yeye anainama, anangoja neno lifuate. Halikufuata.

Kila mara lori la pamba likitoka Kabambare, Michel, mtoto wa mjomba wetu aliyekuwa anapakia magunia, alileta swali la mama. Lilikuwa lile lile: "Ngoma iko njiani?" Na Bulaimu alimtuma na jibu lile lile: "Mwambie iko njiani." Mimi nikiwa pale nilikuwa napandwa na hasira. Nikamwambia, "Njia gani hiyo isiyotembea? Mama anazeeka, wewe unanywesha maua." Alikuwa anakula chakula changu na kwenda kulala, na asubuhi kabla sijawasha moto dumu lake lilikuwa limekwisha kujaa.

Halafu Michel akaja bila swali. Alikaa mlangoni, kofia mkononi. "Yaya Odile, mama Nuru haamuki tena. Macho yamekufa. Anakunywa uji kidogo tu. Anasema ngoma ikifika, mumuamushe. Lori inarudi kesho asubuhi."

Bulaimu alisikia yote. Akainuka, nikadhani sasa anakwenda kwa Bwana Mkubwa. Akachukua dumu lake, akaenda kumwagilia.

Hapo nilikata shauri. Nilijua ninavunja nini, na nilijua nikikataliwa ngoma imekwenda milele. Lakini niliwaza: mimi ni mwanamke niliyeolewa nje, maneno yangu si maneno ya nyumba ya ngoma, labda kuomba kwangu hakuhesabiwi. Nikavaa nguo ya misa, nikapita mlango wa jiko. Dominique alikuwa anakatakata nyama, akashika kichwa. "Mama Émilienne, utanifukuzisha kazi." Nikampita.

Madamu alikuwa barazani anashona. Nikapiga magoti nikamwambia yote kwa Kiswahili, polepole, kile anachokijua cha jikoni. Baba, ngoma, jogoo, kaniki ya mama. Mwanzoni alisikiliza kama anasikiliza habari ya sokoni. Halafu sindano ikasimama.

"Ile ya maua? Iko ya baba yenu?"

"Ndiyo, Madamu."

"Lakini Bulaimu ananiona kila siku. Sababu gani hakusema?"

"Alisema, Madamu. Kwa Bwana wa mbele."

"Bwana wa mbele hakutuachia neno hata moja." Akasimama, macho yamejaa machozi. "Chukueni. Chukueni leo. Mungu wangu, ningemupa siku ya kwanza."

Ningependa angekataa. Angekataa ningemchukia, nikalala usingizi. Sasa nilitoka pale nikijua kwamba miaka yote ile ngoma ilikuwa imefungwa na kamba ambayo hakuna mtu aliyeishika upande wa pili.

Nilipomwambia Bulaimu hakufurahi wala hakunigombeza. Aliweka dumu chini. Akaanza kung'oa maua moja moja na mizizi yake, akayafunga katika gunia lenye maji ili yasife, kwa kuwa ni ya Madamu. Mimi, Michel na Dominique tulisimama tunangoja. Halafu akaingiza mkono kutoa udongo. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, ukatoka na mchwa wanatembea juu yake.

"Inueni," akasema.

Wanaume walishika ncha mbili, wakainua. Mdomo ulikuja, na kipande cha ubavu. Tumbo lilibaki chini. Lilikuwa laini, jeusi, limekuwa kitu kimoja na udongo, ungeweza kulichota kwa kijiko. Nje mawese yalikuwa yanang'aa bado.

Bulaimu alikaa chini. Aliangalia lile tumbo muda mrefu, halafu akaangalia dumu. "Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliinywesha." Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu miaka mingi, nimeyapanga vizuri. Nilimshika bega, ndivyo tu nilivyoweza.

Kesho yake tulipanda lori, mimi na yeye na Michel, juu ya magunia matupu. Bulaimu alikuwa amekifunga kile kipande cha mdomo kwa blanketi, akakipakata njia yote, kwenye mashimo na kwenye kivuko cha Luama. Nilikuwa bado na tumaini la kipumbavu kwamba mama atakuwa amekwisha kufa, asije akauliza.

Hakuwa amekufa. Alilala kwenye mkeka katika chumba cha ndani, mdogo, ndani ya kaniki iliyopauka. Alisikia miguu yetu.

"Imefika?"

Bulaimu alipiga magoti. "Imefika, mama."

"Muite baba yako. Nisikie."

Vile vijiti vya baba vyenye kichwa cha mpira vilikuwa vimechomekwa kwenye majani ya paa, pale pale alipoviacha. Bulaimu akavitoa. Akaweka kipande kile juu ya magoti, akafunga macho, akapiga jina la baba. Alilipiga sawasawa, mimi nalijua, kila pigo lilikuwa mahali pake. Lakini bila tumbo hakuna sauti nene, hakuna nyembamba. Ilikuwa ubao mkavu, ko, ko, ko.

Mama aligeuza uso upande wa mlango.

"Kuna mutu anabisha," akasema. "Mufungulieni."

Mikono ya Bulaimu ikabaki hewani. Sikujua la kufanya, basi nikaenda nikafungua mlango. Nje kulikuwa na uwanja, na kuku wanachakura.

"Nani?" mama akauliza.

"Jirani, mama. Amepita."

"Haya. Funga. Sasa mwambie Bulaimu apige. Nangojea."

Bulaimu hakupiga. Alikuwa analia bila sauti, vijiti mikononi. Mama alingoja, uso umetulia kabisa, kama mtu anayejua mgeni wake yuko karibu, akangoja vile mpaka jua lilipoanza kushuka, na hatukujua ni saa ngapi aliacha kungoja.

Tulimfukia kando ya baba. Kabla ya hapo niliivua ile kaniki mwilini mwake nikaivaa. Bulaimu alirudi Kasongo kwa kuwa kazi ilikuwa inamngoja. Madamu akajengesha birika la saruji la maua chini ya kichwa cha Lambert, na ndugu yangu akalimwagilia mpaka homa ilipomchukua, naye hakuitwa. Bwana na Madamu wamekwenda kwao. Kichwa kiko pale bado, mkitaka kukiona piteni njia ya boma. Padri ananigombeza kila Pasaka kwamba Mkristo havai nguo ya kilio maisha yote. Namwambia, "Ndiyo, Padri," na naenda nyumbani nayo.